Kona ya Tano

Mimi na hisabati hatuivi chungu kimoja, na ninalisema hilo mapema ili mtu asije akanitaka nieleze pembe na pande kuliko nilivyoelezwa mwenyewe. Nimefundisha lugha miaka ishirini na minane. Wanafunzi wananiita Mzee Methali, wakidhani sijui. Meza yangu katika ofisi ya walimu imebanana na ya mwalimu wa hisabati wa darasa la nne, mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya kupasua dari, ambaye watoto hao hao walimpachika jina la Mama Pembe. Habari hii ni yake. Naisimulia mimi kwa sababu yeye akianza huishia njiani.

Jina lilimkaa kwa ajili ya poligoni. Darasa la nne ndipo watoto wanapokutana nazo kwa mara ya kwanza, na katika kitabu chote hapakuwa na mada aliyoipenda kama hiyo. Hata nyumbani kwake hukuwa salama. Ukifika kumtembelea utakatiwa mkate wa pembetatu, na kabla hujaupeleka mdomoni utaulizwa una pande ngapi. Ukiacha mlango wazi anakuambia, "Rudishia, kaka. Umbo lisilofungwa si poligoni." Ukivaa shati lenye kifungo kimoja kimefunguka, utaambiwa hayo hayo. Mumewe, dereva wa lori, mtu wa utani sana, alizoea kusema kwamba wenzake wamepata wake na yeye kapata rula.

Somo lenyewe hakulianzia ubaoni. Aliwapeleka watoto uwanjani na kamba ya katani, nene kama kidole gumba, ncha zake zimeungwa, na juu yake mafundo kumi na mawili yaliyofungiwa vitambaa vyekundu. Watatu wanashika na kuvuta, wamepata pembetatu. Anaongezeka mmoja, wamepata pembenne. "Kila mmoja wenu ni kona," alikuwa akiwaambia. "Kona moja ikiachia, umbo lote limekufa. Kwa hiyo mtu asiachie mpaka nimwambie." Kisha, mwisho wa yote, aliwaweka roho juu kidogo, akapaza sauti, "Achia!" Kamba ikaanguka, watoto wakacheka kama waliotekenywa. Neno hilo moja lilikuwa ndiyo zawadi yao, na walilisubiri kuliko kengele ya mapumziko.

Pembetano ilikuwa na ukaidi wake, maana mafundo kumi na mawili hayagawanyiki kwa watu watano. Mwingine angeongeza mafundo, mambo yakaisha. Yeye aliona kwamba somo liko papo hapo. Pande mbili zilipata nafasi tatu tatu, pande tatu zilipata mbili mbili, na mtoto aliyedhani poligoni lazima ilingane pande zote akajionea kwa macho yake kwamba si lazima. Wa tano alishika fundo la kumi, upande wa stoo ya zamani.

Miaka kumi na miwili iliyopita fundo la kumi lilishikwa na binti wa miaka kumi, mtoto wa fundi wa cherehani anayeshona mtaa wa nyuma ya shule. Alikuwa mtoto mtulivu, wa kuombwa na walimu wote wakitaka kitu kiletwe bila kumwagika njiani.

Hapa inabidi niseme na langu. Ukuta wa ile stoo ulikuwa na ufa tangu nihamie shuleni hapo. Jumatatu ya wiki ile nilikuwa nafundisha methali, na nilipofika kwenye "usipoziba ufa utajenga ukuta" niliwaonyesha watoto dirishani, nikasema mfano ule pale. Walicheka. Nikacheka nao, nikafuta ubao, nikaenda kunywa chai. Sikumshauri mtu aandike barua ofisini, wala sikuiandika mimi, mtu wa lugha. Methali ile sijaifundisha tena. Watoto wakiiuliza nawaambia waende ukurasa unaofuata.

Alhamisi, baada ya mvua ya siku tatu, upepo ulivuma. Mama Pembe alikuwa amewapanga watano wake uwanjani, akakumbuka kwamba kipimapembe kikubwa cha mbao amekisahau ofisini. Akawaambia, kama siku zote, asiachie mtu mpaka nimwambie, akakimbia kukichukua. Alipotokea nacho mlangoni alisikia mlio wa kitu kinachochanika. Watoto wanne waliitupa kamba wakatimua mbio. Wa tano alibaki pale pale, mgongo kwenye ukuta, mikono yote miwili kwenye fundo. Akamtazama mwalimu wake, akauliza kwa adabu, kama anayeomba ruhusa ya kwenda chooni, "Niachie, mwalimu?"

Mama Pembe alifungua mdomo na neno halikutoka. Amenisimulia mara mbili tu katika maisha yetu, na mara zote mbili alipofika hapo alinionyesha koo lake kwa kidole. Ukuta ulianguka wote kwa pamoja.

Waliokuja kuchunguza waliandika kwamba mtoto aliganda kwa hofu. Mwalimu mkuu wa wakati ule alihamishwa, stoo ikabomolewa hadi msingi, na mama wa mtoto akaambiwa vile vile vilivyoandikwa. Mama Pembe hakupinga. Hakudanganya mtu, maana hakuna aliyemwuliza. Watu walimwonea huruma, wakamletea maji, wakamshika mkono, naye akanyamaza. "Kimya kingi kina mshindo mkuu," nilimwambia siku moja, kwa ujinga wangu wa kutojua kufunga mdomo. Alinitazama kidogo. "Mshindo nimeshausikia, kaka," akasema.

Yaliyofuata sitaki mtu aje kunihubiria. Nayasema nilivyoyaona.

Mwaka wa pili yake kamba ilikuwa imetundikwa msumarini ndani ya kabati letu, naye akafundisha poligoni ubaoni kama walimu wengine. Nilikuwa napita barazani. Alichora pembetatu, akachora pembenne, akaanza pembetano. Chaki ilipofika kona ya tano ikasimama. Akageuka, uso umemtoka rangi, akaliuliza darasa, "Nani ameuliza?" Hakuna aliyekuwa ameuliza. Yeye akafuta ule mstari kwa kiganja, si kwa dasta.

Tangu siku ile darasa lake liliruka kutoka pembenne hadi pembesita. Shule yetu ikawa na sifa ya pekee, kwamba watoto wake wanajua maumbo yote isipokuwa moja. Mkaguzi alituuliza sababu. Nilijibu mimi, kwa uso mkavu, kwamba vitabu vyetu vina ukurasa uliochanika. Aliandika hayo kwenye daftari lake na nadhani mpaka leo kuna mahali wanasubiri kutuletea vitabu vipya.

Pale palipokuwa na stoo palisawazishwa, nyasi zikaota. Watoto wa darasa la kwanza, ambao mwaka ule hata hawajazaliwa, hukimbizana uwanja mzima bila kujali kitu. Wakikaribia pale hupinda, wakaacha nafasi ya mtu mmoja kusimama, kisha wakaendelea. Nimewatazama miaka. Siku moja nilimkamata mmoja nikamwuliza kwa nini hapiti katikati. "Tutamgonga," akanijibu. Nikamwuliza nani. Alinishangaa kana kwamba mtoto ni mimi, akaniponyoka, akaenda zake.

Na kulikuwa na ile kamba. Kiangazi kimoja, vumbi limeingia hadi ndani ya madaftari, nilifungua kabati kutafuta gundi na mkono wangu ukapita kwenye mafundo. Yote yalikuwa makavu kama kuni, isipokuwa moja. Hilo lilikuwa na unyevu na uvuguvugu, kama kitu kilichotoka sasa hivi kiganjani mwa mtoto. Nilihesabu kuanzia kwenye kiungo. Lilikuwa la kumi. Nikafunga kabati, nikakaa, nikasahihisha insha thelathini bila kusoma hata moja. Wote walipata alama nzuri.

Nilimwambia Mama Pembe jioni ile tukifunga ofisi. Hakushtuka hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha kuliko fundo.

"Anachoka," alisema. "Ameshika muda mrefu."

Mwaka huu ulikuwa wa mwisho wa Mama Pembe kabla ya kustaafu. Muhula ulipofunguliwa alisoma orodha ya darasa la nne, akanisukumia karatasi juu ya meza, kidole kikiwa kwenye jina moja. Alikuwa mdogo wake yule binti, aliyezaliwa miaka miwili baada ya msiba. Uso ni ule ule wa dada yake, ila mdomo wa huyu hauna likizo. Siku ya kwanza ya maumbo Mama Pembe aliuliza kama duara ni poligoni, na huyu akasimama bila kuitwa. "Hapana, mwalimu. Lilikuwa na kona zamani, likazisugua." Darasa lilivunjika mbavu. Mama Pembe naye alicheka, nilimsikia kutoka darasani kwangu, kicheko nilichokuwa nimekisahau.

Mwisho wa kipindi mtoto yule alimfuata hadi mezani kwetu. "Mwalimu, mama anauliza siku ya kamba ni lini. Anataka kuja kuangalia."

"Ya kamba? Nani amekuambia habari ya kamba?"

"Mama. Anasema dada alikuwa anacheza kamba na mwalimu wa hisabati."

Mtoto alipoondoka, Mama Pembe alikaa mpaka kengele mbili zikapita. Nilifungua mdomo. "Usinipe methali," akasema.

"Sikupi."

"Nikistaafu sijamwambia yule mama, naondoka na mtoto wake. Nitakuwa nafungua mlango asubuhi, yeye yuko barazani ananiuliza. Mpaka nife atakuwa ananiuliza. Na nikimwambia, atanijua mimi ni nani. Miaka kumi na miwili tunaamkiana vizuri, ananishonea nguo, ananiambia mwalimu, pole. Ataniambia nini siku hiyo?"

Nilimwambia ampe tu yule mama siku. Akaandika kwenye kikaratasi: Jumatano, kipindi cha pili.

Jumatano jua lilikuwa limetoka, hewa imetulia. Yule mama alifika mapema, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni mwake, maana aliondoka kwenye mashine akasahau kuivua. Nilimtolea kiti, nikamweka chini ya upenu wa ofisi. Darasa langu nilikuwa nimelipangia insha, nikasimama kando yake.

"Mwalimu, usione nimekuja kusumbua watu," aliniambia bila kunitazama. "Miaka yote hii namwona akiwa chini ya ukuta tu. Hana picha nyingine kichwani mwangu. Nataka kuona kabla ya hapo alikuwa anafanya nini."

Mama Pembe alitoka na kamba begani. Aliwapanga watoto wakakaa kwenye nyasi, akaita watatu, na mdogo mtu akawa wa kwanza kuruka. Walivuta. Pembetatu. Akawauliza poligoni inataka nini, wakajibu: pande zilizonyooka, na iwe imefungwa. Sauti yake ilikuwa imara na mimi nikaanza kupumua. Akaongeza mtoto wa nne. Nilijua alikusudia kuishia hapo, ajenge pembenne, aiage kamba, kisha aende kwa yule mama akaseme lake. "Hakuna kuachia mpaka niwaambie," aliwaambia, na nikaona neno lilivyomkereketa likitoka. "Haya, vuteni."

Pande tatu zilinyooka. Upande wa nne, uliokuwa umelegea hadi kwenye nyasi, uliinuka, ila haukunyooka. Ulitoka nje, kuelekea palipokuwa na stoo, ukakaza kwenye fundo la kumi, ukatulia hapo hewani kwa kimo cha kiuno cha mtoto. Bendera ya shule ilikuwa imelala kwenye mlingoti, hakuna upepo hata wa kupeperusha jani. Niliwahesabu watoto walioshika. Wanne. Nikahesabu tena, mimi na hisabati yangu. Walikuwa wanne.

Mazoea ni kitu cha ajabu. Mdomo wa Mama Pembe ulikuwa umeshaanza swali kabla macho yake hayajaona. "Hili ni umbo gani?"

"Pembetano," likajibu darasa zima.

Neno hilo halikuwa limetoka kinywani mwa Mama Pembe kwa miaka kumi na miwili. Watoto hawakuogopa. Waliona kona tano, wakasema tano.

"Mwalimu, huku kunavuta," alisema mdogo mtu, akasogea kidogo, kama unavyompisha mwenzako kwenye benchi.

Yule mama alikuwa amesimama. Alikuwa akiitazama kamba, pale kwenye fundo, na midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti.

Mama Pembe aligeuka akatufuata hadi chini ya upenu. Alisimama mbele ya yule mama, mikono imenyooka ubavuni, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Mama, mwanao hakuganda," alisema. "Niliwaambia wasiachie mpaka niseme. Wenzake waliachia. Yeye aliniuliza, niachie, mwalimu. Nilimsikia vizuri kabisa. Nilikuwa pale mlangoni, na sikumjibu."

Yule mama aliishika futi yake kwa mikono miwili akaivuta hadi nikadhani itakatika. Hakulia.

"Mimi nilimlaumu," alisema mwishowe. "Unalijua hilo? Waliniambia aliogopa. Nikiwa kwenye mashine namwuliza, mwanangu, miguu yako ilikuwa na nini, mbona hukukimbia kama wenzako. Kila siku namwuliza."

"Hakuogopa, mama. Alinitii."

"Alikuwa hivyo hivyo nyumbani. Namwambia nishikie kitambaa hapa, anakuja mteja, nasahau. Nikirudi namkuta bado kashika." Akaizungusha futi kidoleni. "Sitakuambia nimekusamehe, mwalimu. Hilo leo sina."

"Sijaja kuliomba."

"Lakini mtoto amesimama sana. Mwambie."

Mama Pembe alitikisa kichwa. "Mwambie wewe. Wewe ndiye mama yake."

"Hakuniuliza mimi," alisema yule mama. "Kakuuliza wewe."

Uwanja ule unauvuka kwa hatua thelathini, nimeupita mara elfu. Sijawahi kuona mtu akiuvuka polepole vile. Watoto wanne walikuwa bado wameshika, mikono imeanza kutetemeka, na wenzao wameketi wametulia kama walioambiwa. Mama Pembe alifika karibu na kona ile, akabakiza hatua moja, akainama kama unavyomwinamia mtoto wa miaka kumi. Niliona koo lake likipanda na kushuka. Nilidhani litakwama tena.

"Achia, mwanangu," alisema. Hakupaza sauti, lakini sote tulisikia. "Somo limekwisha."

Kamba ilikaa kitambo. Kisha ikalegea, na lile fundo likashuka taratibu hadi kwenye nyasi, kama mtu mwenye adabu anavyoweka chini kitu cha wenyewe. Kando yangu yule mama alitoa pumzi ndefu, akakaa. Mama Pembe alibaki ameinama, mkono umegusa majani, hajui anyanyuke vipi.

Ndipo mdogo mtu, ambaye bado alikuwa ameshika fundo lake kwa mikono yote miwili, akaita.

"Na sisi, mwalimu? Tuachie?"

Mama Pembe alimjibu kabla mtoto hajafunga mdomo.